Saa Nzima pale Sirari

Columbia Heights, Minnesota
6 Oktoba 1996

Dada Doris,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti imenifikia pamoja na picha ya mgahawa. Nimeibandika juu ya kitanda. Mimi mzima, ila baridi imeanza, na wenyeji wananiambia hii bado si baridi, hii ni salamu tu.

Uliniuliza nakaa na nani. Nakaa na Mkenya mmoja, Kiprop, mtu wa Kapsabet, ghorofa ya pili, umbali wa basi moja tu kutoka chuoni. Yeye anahudumia wazee kwenye nyumba yao huko Saint Paul. Anapika ugali mgumu kama wako, kwa hiyo hatugombani.

Mwalimu wangu ni mama mtu mzima ambaye babu zake walitoka Norwei. Mwaka huu amenipa kazi ya kumsaidia kusoma makaratasi ya Ulaya. Huko kuna ubishi mkubwa: je, mambo ya utalii yaamuliwe na kila nchi peke yake, au yaamuliwe kwa pamoja Brussels, kwa Ulaya nzima? Wengine wanasema Mgiriki ndiye anayeujua ufukwe wake, aachiwe. Wengine wanasema mgeni akija anataka kuona Ulaya, hana habari na nani anatawala kilima kipi. Nilisoma wiki tatu, kisha nikamwambia mwalimu kwamba kwetu ubishi huo una anwani, na anwani yenyewe ni Sirari, mpakani, mbele ya mgahawa wa dada yangu. Akaweka kalamu chini, akaniambia tasnifu yangu nimeshaipata.

Sasa naomba msaada wako. Niandikie mambo yanavyokwenda siku hizi gari la wageni likifika kutoka Kenya. Nani anashusha mizigo, nani anaipakia, wageni wanasubiri wapi, na shughuli yote inachukua muda gani. Niandikie kama unavyoongea, usinipambie.

Jumamosi iliyopita Kiprop alinichukua kwa gari twende tukaone majani ya miti yanavyogeuka rangi. Tulivuka mto tukaingia jimbo la pili, linaitwa Wisconsin. Mimi nilikaa sawa, pasi mkononi, nasubiri kizuizi. Hakuna kizuizi. Kiprop alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mbele kidogo kulikuwa na nyumba safi ya vyoo kando ya barabara, ina ramani za bure, tukasimama wenyewe bila kusimamishwa, tukakaa karibu nusu saa.

Halafu, dada, kwenye picha nimeona kitenge chekundu kimeanikwa mbele kabisa ya mgahawa. Siku hizi unafua mbele ya wageni?

Mdogo wako,
Mwita


Sirari, Tarime
2 Novemba 1996

Mwita mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwanza peke yangu, halafu nikawasomea watu wote hapa. Nikawaambia, mdogo wangu anaandika kitabu huko Amerika, anataka kujua habari zetu ili azifikishe. Unamkumbuka Naftali, kiongozi wa wabeba mizigo? Alivua kofia. Kwa hiyo hii siyo barua yangu, ni ya watu wengi, na kila mmoja ametaka niweke neno lake.

Mambo ni yale yale uliyoyaacha, ila yamepata utaratibu. Gari la Kenya likifika linaishia hapa mpakani. Haliruhusiwi kwenda kwenye hifadhi zetu, kama ambavyo na yetu hayaruhusiwi kwenda kwao. Wageni wanashuka, mabegi yanashuka, wanagongewa pasi. Dereva wa upande wa Kenya mara nyingi ni Nahashon, yule mrefu, ambaye mama yake ni binamu ya Mama. Anawaaga wageni wake kwa mkono mmoja mmoja kama msibani. Halafu gari letu linakuja, watu wa Naftali wanapakia, wageni wanaondoka kwenda Serengeti.

Hapo katikati ndipo nilipo mimi. Wageni wanakaa kwenye viti vyangu, wanakunywa chai ya maziwa, wanakula maandazi. Na choo. Mwita, nimejenga choo cha kukaa, chenye maji na kioo, na wageni wakitoka humo nyuso zao zimebadilika kabisa. Kutoka Mara mpaka Serengeti hakuna kingine. Madereva wa Nairobi wananijua kwa hicho choo kuliko kwa jina langu, na sijakasirika. Akina mama wa ndizi wanauza kwangu, Keziah anauza vikapu, na mafundi viatu wawili wamehamia. Watu kumi na tisa wanakula kutokana na kusubiri kule.

Muda ni saa nzima. Siku nyingine inazidi kidogo.

Naftali anasema uandike kwamba hapa hakijawahi kupotea kitu cha mgeni. Nahashon anasema uandike kwamba yeye na madereva wetu hawana ugomvi, ugomvi uko ofisini. Mimi nasema uandike ukweli, na ule vizuri.

Kitenge kile hakijafuliwa. Kinapata hewa.

Dada yako,
Doris


Columbia Heights
1 Desemba 1996

Dada Doris,

Shikamoo. Asante sana kwa barua. Mwalimu ameisikia yote, nilimtafsiria mstari kwa mstari, na pale pa choo alicheka akaomba nirudie. Maneno yako yamo kwenye sura ya nne. Ile saa nzima imenisaidia sana, kwa sababu watu wa ofisini wanaamini namba kuliko maelezo.

Theluji imefika magotini. Nangoja basi la Central Avenue nimevaa makoti mawili, na bado nahisi mtu ananipiga kwa fimbo masikioni.

Siku ya sikukuu yao ya shukrani tulialikwa Champlin kwa dada yake Kiprop, anaitwa Alice, muuguzi. Tulikuwa Wakenya sita na Watanzania wawili. Mmoja alikuwa na kitabu cha matangazo ya safari, na ndani yake Kilimanjaro umewekwa kwenye ukurasa wa Kenya. Hapo bata mzinga alipoa. Mimi nikasema mlima ni wetu, Kiprop akasema, "Bro, mlima ni wenu, lakini view ni yetu. Na hao nyumbu mnawaita wenu, si wanakuja kwetu kila Julai bila passport? Mzungu tu ndiye mnamshukisha kwa gari." Watoto wa Alice walikuwa wanatusikiliza, wakatujibu kwa Kiingereza kwamba sote tunatoka Afrika. Tukaendelea kula.

Karatasi fupi ya tasnifu yangu itapelekwa Arusha mwezi wa pili, kwenye mkutano wa wataalamu wa nchi tatu za Afrika Mashariki. Mwalimu ndiye aliyeniombea nafasi. Nikifanya vizuri huenda nikapata kazi huko huko Arusha, basi moja tu kutoka nyumbani.

Wasalimie wote, na Naftali mwambie nimeandika kwamba hakijawahi kupotea kitu.

Mdogo wako,
Mwita


Sirari
9 Machi 1997

Mwita,

Alhamisi alikuja afisa mmoja wa utalii, amevaa suti, na karatasi yako mkononi. Alikuja kuangalia hali ilivyo, alisema, baada ya mkutano wa Arusha. Akakaa kwenye kiti changu, akaagiza chai yangu. Nilipoona jina lako juu ya ile karatasi niliita watu wote. Nilimwambia, tusomee, huyo ni mdogo wangu. Nilikuwa najisikia, Mwita. Nilikuwa nimefunga kilemba.

Akasoma kwa Kiingereza, kisha akatufafanulia kwa Kiswahili. Ukasema kubadilisha magari mpakani kumepitwa na wakati. Ukasema kila nchi kujiamulia utalii wake kunamchosha mgeni, na kwamba uamuzi uwe mmoja kwa nchi zote tatu, na gari lipite moja kwa moja. Halafu ukaleta ushahidi. Ushahidi ulikuwa "saa nzima ya hasara" kwa kila gari. Na aliyetoa ushahidi huo ni "mhojiwa wa kwanza, mama muuza chai." Akaendelea kusoma maneno yangu mwenyewe, ya viti na ya choo, na mimi nimesimama pale nimeshika birika.

Hakuna aliyemaliza chai yake. Naftali aliniuliza taratibu, huyu ndiye Mwita wetu? Nikasema ndiye. Akavaa kofia akatoka. Tangu siku ile wananiamkia, lakini hawakai.

Sikatai kwamba una akili. Huenda ni kweli gari lingepita moja kwa moja ingekuwa bora kwa nchi. Mimi sijui nchi inatakaje. Ninachouliza ni kimoja. Uliponiomba nikuandikie, ulikuwa umeshajua utakachokisema?

Doris


Columbia Heights
30 Machi 1997

Dada Doris,

Shikamoo. Barua yako imekaa mezani siku nne, naisoma kila nikirudi kutoka chuoni.

Ndiyo, nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu siku niliyovuka ule mto na Kiprop. Nilikuficha kwa sababu nilijua ningekwambia usingeniandikia, au ungeniandikia barua nyingine. Na ulipowasomea watu ukawaambia nawafikishia habari zao, bado nilikuwa na nafasi ya kusema, nikakuandikia habari za bata mzinga. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuliita.

Lakini naomba nikueleze ninavyoona, maana sitaki udhani nilikuuza bure. Ile sheria ya kubadilisha magari iliwekwa wakati nchi zimegombana. Dar es Salaam ikataka wageni walale kwetu, Nairobi ikataka walale kwao, na kila mmoja akafunga mlango wake kumkomoa mwenzake. Nani aliwauliza nyinyi? Hapa Amerika serikali kuu imefunga ofisi yake ya utalii mwaka jana, kila jimbo linajitangaza lenyewe, lakini hakuna jimbo linalomshusha mtu garini na kumwambia beba begi lako. Ulaya wao wanabishana bado, na wadogo wanaogopa wakubwa watawameza. Sisi tuna nyumbu mmoja, nyika moja, na mgeni anayekuja mara moja katika maisha yake. Naamini mambo haya yaamuliwe pamoja. Siwezi kusema vinginevyo hata kwa ajili yako.

Hilo la "mhojiwa wa kwanza" ndivyo tunavyofundishwa kuandika. Najua halikusaidii.

Natetea tasnifu yangu tarehe kumi na sita Mei. Watayarishaji wa mkutano wa Arusha wameniandikia wanataka niende Agosti nikaieleze mbele ya wakubwa wenyewe, na baada ya hapo kuna kazi. Wanachokitaka zaidi ni ile saa nzima. Wamezidisha saa hiyo kwa magari yote ya mwaka, na mipaka yote.

Mto hapa umejaa, wanasema theluji ikiyeyuka yote maji yatapanda mpaka mjini Saint Paul. Watu wanajaza mchanga kwenye magunia. Nami nimeenda kujaza siku mbili. Ilinisaidia kutofikiri.

Mwita


Sirari
20 Aprili 1997

Mwita mdogo wangu,

Umenijibu ukweli, hata kama umechelewa nao. Kwa hiyo nami nakupa wangu, na ukishausoma utakuwa na mzigo.

Ile saa nzima si ya Dar es Salaam wala ya Nairobi. Ni yangu.

Kubadilisha magari kunachukua dakika ishirini. Watu wa Naftali ni wepesi, watu wa uhamiaji siku hizi si wabaya. Gari letu linakuwa limeshafika mapema, limegeuzwa, lina mafuta. Lakini haliji mbele. Linakaa nyuma ya ghala la ushirika, wageni wasilione. Kitenge chekundu kikiwa kwenye kamba, maana yake wageni bado wanakunywa. Nikikitoa, dereva anawasha. Mgeni akiuliza gari liko wapi, Nahashon anasema linakuja, na kwa kweli linakuja. Ndiyo hewa ambayo kitenge kilikuwa kinapata.

Hatukuanza kwa ujanja. Zamani wageni walikuwa wanasimama juani dakika ishirini, wanaogopa, wamekumbatia mabegi, vijana wanagombania kubeba, kisha wanaondoka hawajanunua hata ndizi. Sheria imewashusha mlangoni kwetu na hakuna tunachopata ila vumbi. Siku moja Nahashon aliniambia, "Mama Chai, mngepata muda kidogo tu, hawa watu wangetulia." Tukakaa, yeye na Wakenya wenzake, mimi na Naftali na madereva wetu, jikoni kwangu. Tukakubaliana arobaini zaidi. Kila upande unapata chake: madereva wa Kenya wanakula kwangu bila kulipa, na kazi ya kubeba inagawanywa kati ya watu wa Sirari na watu wa Isebania, upande wa Kenya, zamu kwa zamu. Miaka mitatu hatujagombana. Wewe unasoma makaratasi jinsi nchi zitakavyokubaliana, na sisi tumeshakubaliana zamani, ila hatukuandika.

Sikukuongopea. Uliniuliza inachukua muda gani, nikakujibu inavyochukua. Lakini nilijua unachodhani, nikakuacha udhani. Tumefanana.

Sasa unayo. Ukiacha saa nzima kwenye kitabu chako, utapata kazi ya Arusha na utakuwa umeandika uongo. Ukiitoa, wakubwa watauliza zile dakika arobaini ni za nani, na yule bwana wa suti atarudi. Hapa kuna watu kumi na tisa. Sikuambii ufanye nini. Nilikupeleka shule ili siku kama hii usinitegemee mimi.

Jambo lingine. Uliandika kwamba ng'ambo ya ule mto kuna nyumba ya vyoo, na mlisimama bila kusimamishwa na mtu. Nimeifikiria sana hiyo nyumba. Ina milango mingapi? Ndani kuna nini kinachowafanya watu wakae? Nenda ukaipime.

Dada yako,
Doris


Columbia Heights
18 Mei 1997

Dada Doris,

Shikamoo. Nimetetea juzi. Nakuandikia kabla hata sijalala vizuri.

Nilipofika sura ya nne niliwaambia wale walimu wanne kwamba namba niliyoandika si sahihi. Nikasema sheria inachukua dakika ishirini, na arobaini zinazobaki zimewekwa na watu wa pale mpakani, wa nchi zote mbili, kwa sababu sheria iliwaletea wageni mlangoni bila kuwapa nafasi ya kuwakaribisha. Mmoja akauliza ni mpaka gani na ni nani. Nikasema sitamtaja. Akasema basi aaminije? Nikasema asiamini, lakini ile saa naiondoa.

Mwalimu wangu aliniuliza kama hao watu waliamriwa na serikali yoyote. Nikamwambia hapana, Mkenya na Mtanzania waliamua wenyewe jikoni, na zamu za mizigo wanagawana. Akasema hiyo ndiyo sura niliyopaswa kuandika tangu mwanzo. Wamenipitisha, ila wamenipa mpaka Septemba kuiandika upya.

Arusha niliwaandikia mwenyewe kwa faksi mapema mwezi huu, siku ile ile niliyopata barua yako. Wamejibu Jumatano kwa heshima sana. Bila ile saa, wanasema, karatasi yangu haina uzito waliouhitaji, na nafasi ya Agosti wamempa mtu mwingine. Kazi nayo imekwenda. Imeniuma, sitakudanganya. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitakuja na basi gani.

Bado naamini magari yapite, na uamuzi uwe wa pamoja. Ila sasa naamini pia kwamba kabla ya kuufungua mpaka mtu aende akakae kwenye kiti chako, aulize, na aseme mapema anauliza kwa nini. Mimi sikufanya hivyo, na ni mtoto wa pale.

Jana tulikwenda na Kiprop kupima ile nyumba. Alishika kamba upande mmoja, mimi upande mwingine, watu wakitupisha. Mzee mmoja wa Kizungu akatuuliza kama tunajenga. Kiprop akamwambia, "Ndiyo, ya dada yetu." Nimekuchorea, iko ndani ya bahasha. Milango ni mingi kuliko utakayoweza, lakini nadhani siri si milango. Ukutani kuna ramani kubwa, na kila anayetoka chooni anasimama hapo kutafuta alipo. Akishapaona, anaanza kuuliza maswali. Hapo ndipo muda unapokwenda.

Jina lako halimo popote. Hilo nimehakikisha.

Mdogo wako,
Mwita


Sirari
27 Julai 1997

Mwita mdogo wangu,

Marahaba. Pole na kazi ya Arusha. Nililia kidogo, halafu nikaenda nikamsomea Naftali barua yako, yote, pamoja na pale ulipokataa kunitaja. Akavua kofia akakaa. Kesho yake akaja na jembe.

Nahashon na Naftali wamechimba pamoja. Sasa tuna milango mitatu. Kibao tumekiandika pande zote mbili, ili anayetoka Kenya akione na anayekwenda Kenya akione. Ramani tumechoresha ukutani, Mara na Serengeti pamoja, na fundi rangi alisahau kuweka mstari wa mpaka. Alitaka kurudi kuuchora. Nikamwambia aache hivyo hivyo.

Jumatatu nilikitoa kitenge kwenye kamba kabla gari lolote halijafika. Wengine hawakutaka, lakini nilisema siwezi kukaa nikikilinda kile kitenge huku wewe umepoteza kazi kwa ajili yake. Gari la kwanza lilikuwa la Wadachi sita. Dakika kumi na nane, wakaondoka. Birika zima likabaki, na Keziah akaanza kukunja vikapu vyake. Gari la pili waliuliza choo, wakanunua ndizi, wakaenda. Gari la tatu, mama mmoja alitoka chooni akasimama mbele ya ramani. Akawaita wenzake. Nahashon akawaonyesha nyumbu wanapopita, na mimi nikawaonyesha kijiji chetu kilipo, upande huu, na kwa akina binamu, upande ule. Dereva wetu alipiga honi mara mbili. Walikaa saa moja na dakika tano. Nilitazama saa yangu kwa ajili yako.

Wiki nzima yamekuja magari tisa, matano yamekaa. Si kama zamani. Fundi viatu mmoja amerudi Tarime, na sijui kama Keziah atamaliza mwaka. Lakini siku mtakapofungua mpaka wenu kwa pamoja, nyinyi wasomi, angalau mtatukuta hatulindwi na kitenge.

Sasa nisikilize. Umesema umehakikisha jina langu halimo. Nani alikuomba? Kilichoniuma ile siku ya Machi si kuambiwa kwamba saa yetu ni hasara. Nilijua ni saa ya kutengeneza. Kilichoniuma ni kukaa kwenye mgahawa wangu, nikasomewa habari za mama muuza chai asiye na jina, na mwandishi ni mtoto niliyemfundisha kuandika jina lake kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni. Mlango upo. Jina lako bado linasomeka.

Una mpaka Septemba. Pale ulipoandika mhojiwa wa kwanza, futa. Bwana wa suti akitaka kuja, aje, hakuna cha kuficha tena. Kitenge nimekivaa leo kwenda kanisani. Nahashon amekubali aandikwe. Naftali naye anasema umwandike, lakini usisahau jina la baba yake, Naftali Chacha, kwa sababu kuna Naftali mwingine Isebania na huyo hakuchimba.

Na mimi uniandike hivi, kama ninavyoandika hapa chini.

Doris Marwa,
mwenye mgahawa na vyoo vya Sirari